Mkono wa Kushoto wa Gauni

Jumapili, tarehe 3 Februari

Wewe mtoto,

Salamu zitakuja huko mbele. Kwanza kaa chini nikuulize. Tangu lini habari za mjukuu wangu nazipata kwa wateja? Mwanamke amekuja kupimwa sketi, nimemzungushia utepe kiunoni, ndipo ananiambia kwa huruma, "Pole mama, nasikia yule mjukuu wako anapelekwa kwa madaktari wa kichwa." Nikamchoma na pini. Sikukusudia, lakini sikujuta pia. Miezi minne unazunguka na mtoto mlango hadi mlango, mimi huku nakata nguo za watu nikidhani mko salama. Mficha maradhi kilio humfichua. Ndivyo nilivyokulea?

Haya, hamjambo huko? Mumeo amerudi, au bado yuko na lori lake? Mimi mzima, ila goti la kulia limekuwa kama mteja mkorofi, haliridhiki wala haliondoki. Usinipigie simu. Miaka arobaini ya cherehani imenimaliza masikio, ukisema kwenye simu nasikia mvumo tu. Andika. Gari la mwenye duka la vitambaa linakuja kwenu kila Alhamisi kuchukua mzigo, dereva ni mtu mwaminifu, mpe yeye. Nimeishia darasa la nne lakini mwandiko wangu umenyooka kuliko wako uliyesomeshwa.

Humu ndani kuna gauni la Nyuki. Nimelishona kama lile la mwanzo, mishono yote nje, ndani laini, kwa sababu ulisema nguo ya dukani anaivua huku analia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wakimcheka kwamba amegeuza nguo, waambie bibi yake ni fundi na ndivyo alivyotaka. Ila mwambie aache kutafuna mkono wa kushoto. Nimeshabadilisha mikono mitatu. Mimi sishonei mbuzi.

Sasa niambie: mtoto ana nini, na hao madaktari ni akina nani. Usinipambie maneno.

Mama yako

*

Jumatatu, tarehe 11 Februari

Shikamoo mama,

Nisamehe. Sikukuficha kwa ubaya. Nilikuwa nasubiri nipate jibu moja nikuandikie, kumbe majibu yamekuwa mawili. Sisi wazima. Baba Nyuki yuko safarini, anarudi mwisho wa mwezi. Kiwandani wamenihamishia upande wa kufunga sabuni kwenye karatasi, nikirudi nyumbani hata chai inanuka sabuni. Nyuki anashinda na mama wa chumba cha pili. Gauni limemkaa. Mkono wa kushoto ameshaanza.

Mama, ameshatimiza miaka sita na hasemi. Hilo unalijua. Hukujua kwamba sasa anajigonga kichwa ukutani watu wakiwa wengi, na kwamba shule ya kwanza walimrudisha baada ya siku mbili. Mwalimu alisema, "Huyu siyo wa hapa." Hakusema ni wa wapi.

Daktari wa kwanza ana chumba kikubwa na meza ya kioo, na vyeti ukutani vimejaa mpaka karibu na dari. Alimwangalia Nyuki kama dakika tano, akiwa amekaa hapo hapo kwenye kiti chake. Akasema ubongo wake una joto kupita kiasi, kuna dawa ya maji ya kuutuliza, asubuhi na jioni, na baada ya miezi sita atasema. Nilimuuliza, "Kweli atasema?" Akanijibu, "Mama, mimi sibahatishi."

Wa pili ni mwanamke, yuko kwenye jengo la zamani, watu wanapanga foleni mpaka kwenye ngazi. Yeye hana hata meza. Alivua viatu akakaa kwenye mkeka na Nyuki saa nzima na zaidi, hakumshika, alimwangalia tu, akiandika. Akasema hii inaitwa usonji. Kwamba Nyuki hakuharibika, amezaliwa hivyo, na hakuna dawa ya kuondoa. Kazi ni kumjua na kumfundisha polepole, kwa picha, kwa ishara, na kunifundisha na mimi. Kila wiki, kwa miaka. Nilimuuliza naye, "Atasema?" Akajibu, "Sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Kisha akaniuliza, "Anapenda nini?" Mama, sikuwa na jibu. Nilikaa pale nikaona haya. Najua anachokichukia, vyote, naweza kuvihesabu. Anachokipenda sikijui.

Amenishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Baba Nyuki anasema, "Muulize mama yako, yeye ndiye mkubwa." Nakuuliza. Na ungekuja kumwona mwenyewe, ingenisaidia zaidi.

Mwanao

*

Jumapili, tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika mahali pale pale. Wewe unauliza nini hapo? Mmoja anasema nitamponya, mwingine anasema sijui. Hilo nalo linahitaji kuandikiwa barua?

Ngoja nikwambie kwa kazi yangu. Akija mtu na kitambaa, nikamwambia "sijui kama kitatosha, tuanze tu tutaona, njoo kila wiki kwa miaka," ataondoka na kitambaa chake, na atakuwa na haki. Fundi anayejua kazi husema, njoo Ijumaa uchukue nguo yako. Daktari gani anauliza mtoto anapenda nini? Yeye ni mpishi? Na huko kukaa chini na mtoto saa nzima, mbona mama wa chumba cha pili anakaa naye siku nzima na hatumwiti daktari?

Na hilo neno lake sijalipenda. Kwamba amezaliwa hivyo na hakuna dawa. Neno hilo usilitamke mbele ya watu. Mtoto wetu hajambo, ana joto la kichwa tu, na joto hupozwa. Mchagua nazi hupata koroma. Umezunguka vya kutosha.

Mpeleke kwa wa meza ya kioo. Dawa mpe kama alivyosema, asubuhi na jioni, usiruke hata mara moja kwa huruma zako. Nafasi ya yule mwingine irudishe, wapewe wenye muda wa kupoteza.

Kuhusu mimi kuja, goti haliwezi. Na sare za shule zimenirundikia mpaka mlangoni.

Mama yako

*

Jumanne, tarehe 26 Machi

Shikamoo mama,

Tumefanya ulivyosema. Hii ni wiki ya tano ya dawa. Kwa yule wa mkeka nilikwenda mwenyewe kumwambia. Hakukasirika. Alisema tu, "Kama utarudi, rudi mapema." Nikaona kama ananitisha.

Nyuki ametulia. Hagongi kichwa tena. Mama wa chumba cha pili anasema sasa mtoto halemei, unamweka pale ukirudi unamkuta pale. Wikiendi tulikwenda kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzangu, akakaa kwenye kiti mpaka tukaondoka. Watu walimsifu. Baba yake alimpiga picha.

Nakutumia uzi wa vipimo kama ulivyonifundisha, maana utepe bado haupendi, anasema kwa macho yake kwamba ni wa baridi. Fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu mkono, na mwisho wa uzi ndio urefu.

Mwanao

*

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikwambia au sikukwambia?

Barua yako nimemsomea yule mwanamke wa sketi, neno kwa neno, na pale penye "ametulia" nikarudia. Akaomba zipu ibadilishwe. Leo nimekunywa chai nikiwa nimekaa kama mtu mwenye nyumba yake.

Huyo mke mwenzangu mwambie bibi anamsalimu, na mwakani nitamshonea sare ya shule kwa mikono hii, tuone nani atasema siyo wa hapa. Kwa kuwa ametulia, gauni la safari hii nimeweka kola. Kola haiwezi kuvaliwa na mtoto anayejirusha, lakini mtoto wa kukaa kwenye kiti inampendeza.

Akianza kusema, neno lake la kwanza liandike ulitume siku hiyo hiyo. Usisubiri Alhamisi, mpe hata mtu wa njiani.

Mama yako

*

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Shikamoo mama,

Samahani kwa kimya. Kazi ni nyingi, tunaingia zamu mbili. Gauni la kola limembana, na lile la mwezi wa pili pia. Nakurudishia la mwezi wa pili uliachie kiunoni, mishono uliiacha mipana. Uzi mpya wa vipimo uko mfukoni mwa gauni.

Neno bado. Daktari anasema ni mapema, ameongeza dawa kidogo. Yuko sawa. Halii.

Mwanao

*

Jumanne, tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Nimelipokea gauni, na nimekaa nalo mapajani tangu saa tatu asubuhi. Wateja wamekuja wameondoka.

Umeniandikia mistari kama ya mtu anayejaza fomu. Basi nimeacha barua yako nikasoma gauni. Mimi kusoma nguo sikufundishwa darasani, na nguo haijui kunipamba.

Nimeunyoosha uzi wa Machi mezani, nikaulaza wa Juni kando yake. Urefu ni ule ule. Kiuno kimeongezeka vidole vinne. Mwanangu, nimepima watoto wa watu miaka arobaini. Mtoto anayekua hurefuka kwanza, halafu hujaa. Anayejaa bila kurefuka siyo anayekua, ni anayekaa. Nikaangalia magoti ya gauni. Hayakufifia. Nikaangalia pindo. Halina vumbi. Nikaangalia makalio, ndiyo yamesuguka, yamepauka yote mawili.

Halafu nikaangalia mkono wa kushoto.

Uko kama nilivyoutoa kwenye cherehani. Alama mbili tatu za meno za siku za mwanzo, basi. Miezi minne, na mkono mzima. Nilikusema sana kwa mkono huo. Leo nimeunusa kama mbwa, natafuta mate ya mtoto, nakuta sabuni.

Unakumbuka mlipokuja mwaka juzi? Alikaa chini ya meza yangu, na cherehani ikivuma naye anavuma. Nikisimama ananyamaza, nikikanyaga anaanza. Ndiyo nikamwita Nyuki. Sasa niambie, na uniambie kweli: bado anavuma?

Mama yako

*

Jumanne, tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Alhamisi mbili zimepita. Dereva namuuliza, anatikisa kichwa. Nimeanza kumchukia, na yeye hana kosa.

Naona unaninyamazia kwa sababu unaogopa kunikosea adabu. Basi nitaanza mimi, ujue hakuna adabu ya kulinda hapa.

Unajua kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kike, aliyekufa kwa homa nikiwa na miaka kumi na moja. Ndivyo nilivyokwambia, na ndivyo bibi yako alivyowaambia watu. Hakufa kwa homa. Hakusema huyo, mpaka anakufa. Alikuwa akitembea kwa vidole vya miguu, na akipata kitambaa anakitafuna pembeni, upande wa mkono wa kushoto. Mama yetu alikuwa akifua nguo za watu, hawezi kumwacha, mtoto akitoka anakwenda tu, hajui barabara, hajui kisima. Basi tukamfunga kwenye mguu wa kitanda. Kamba ndefu, ya pamba, isimuumize. Mama alikuwa na mikono mibovu kwa maji na sabuni, fundo lake lilifunguka. Langu halikufunguka. Nilikuwa na miaka kumi na vidole vyepesi. Kila asubuhi nilimfunga mimi.

Wiki za kwanza alivuta. Halafu akaacha. Wageni wakija wanasema, "Jamani, mtoto ametulia, ana adabu." Mama alifurahi, nami nilifurahi, niliona fundo langu limefanya kazi. Hata tulipofungua hakuondoka pale. Akaacha kutafuna kitambaa, halafu akaacha kula. Alikufa kwa kutulia, mwanangu. Hiyo ndiyo homa yake.

Mlipokuja mwaka juzi, Nyuki akashika pembe ya kitambaa changu akaitia mdomoni, nilimwona yeye. Ndiyo maana sijawaita tena, na ndiyo maana siji. Goti linaweza. Limekwenda mazishi ya watu, limekwenda sokoni. Ni mimi nisiyeweza. Uliponiandikia kwamba yuko daktari anasema atapona, sikumchagua kwa akili. Nilimchagua kwa sababu alisema neno nililolitaka miaka hamsini na tano.

Na mimi ni fundi. Simwulizi mteja kimo chake, napima. Hata mteja wa siku zote napima upya. Mmoja alimpima mtoto saa nzima na zaidi, mwingine alikata nguo akiwa kwenye kiti, na mimi, mimi, nikakwambia nenda kwa aliyekata bila kupima.

Sasa niandikie.

Mama yako

*

Jumapili, tarehe 14 Julai

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na sasa sitasubiri Alhamisi, naipa kondakta wa basi la asubuhi. Shikamoo.

Havumi. Aliacha mwezi wa tatu, wiki ile ya harusi. Nilijua siku aliyoacha, kwa sababu ghafla niliisikia saa ya ukutani. Miaka mitano sikuwahi kuisikia.

Analala mpaka saa nne, anaamshwa anywe dawa, analala tena. Akikaa, mdomo unabaki wazi, mate yanamtoka, nambadilisha kitambaa cha kifuani kama mtoto wa miezi. Ananenepa na hachezi. Mwezi wa tano alianguka kwenye ngazi, hakulia, alibaki kaanguka vile vile akiangalia mbele mpaka mtu akapita. Nilikwenda kwa daktari nikamweleza. Hakumwangalia. Alisema, "Uliniletea mtoto anayejigonga ukutani, sasa hajigongi. Unataka nini?" Akaongeza dawa.

Unaniuliza kwa nini sikukuandikia. Mama, wewe ulisema nisiruke hata mara moja kwa huruma zangu. Sikuruka. Mara nyingine nilimfungua mdomo kwa kijiko huku analala, nikasema moyoni, mama amesema. Kosa ni langu, mimi ndiye nilikuwa nampa. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikukulaumu. Nilikulaumu kila asubuhi na kila jioni, na kijiko mkononi. Barua ya kola niliichana.

Baba Nyuki ana ile picha ya harusi kwenye lori, anawaonyesha madereva wenzake. Nashindwa kumwambia.

Nimekwenda kwa daktari wa mkeka. Sikuonana naye. Mpokeaji wa wagonjwa amefungua daftari akasema nafasi yetu alipewa mtoto mwingine, zamu ya karibu ni Novemba. Nikamwambia alisema nirudi mapema. Akasema, "Mapema ilikuwa Machi, dada."

Sijui kama niache dawa au niendelee. Nikimpa naogopa, nisipompa naogopa. Jana nilifumua kola ya lile gauni nikampa kitambaa kile mkononi, nikamwekea mpaka mdomoni. Kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka.

Kuhusu mama mdogo, nimelia, lakini sikujua namlilia nani.

Mwanao

*

Jumatano, tarehe 17 Julai

Mwanangu,

Umefanya vizuri kunilaumu. Adabu yako ingepungua kidogo tu, ungenilaumu mapema, na mtoto angekuwa na nafuu. Hilo ni kosa langu pia, nilikulea uniogope mimi kuliko kumwogopea mwanao. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu nimeyashonea na kola.

Sina maneno ya kukubembeleza, sikuyajifunza. Nitakwambia la kufanya.

Usiache dawa kwa kichwa chako. Mwanamke anayeniletea mashuka ya zahanati kushona pindo ni muuguzi, nimemuuliza leo. Akasema dawa za namna hiyo zikikatwa ghafla humtikisa mtoto vibaya, zishushwe na daktari, kidogo kidogo. Basi mpe kama ilivyo, hiyo hiyo isiongezwe hata tone, mpaka aione mtu mwenye akili. Chupa usiitupe, na karatasi zake zote ziweke pamoja. Na kwa yule wa kioo usirudi hata kumsalimu. Vyeti vyake avisomee ukuta.

Mumeo mwambie. Nitakuwepo ukimwambia kama utaogopa, lakini umwambie wewe. Asiendelee kuonyesha watu picha ya mtoto aliyelazwa macho wazi.

Barua hii inatangulia na gari la kesho, na mimi nakuja kesho kutwa, Ijumaa, dereva amekubali kurudi safari ya pili. Sare za watu nimezigawa kwa fundi wa mtaa wa pili, atazishona vibaya, liwalo na liwe. Jumatatu alfajiri nitakuwa kwenye ngazi za jengo hilo. Huyo mpokeaji na daftari lake hatujuani bado. Sitamtukana. Nitakaa. Nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo miaka arobaini, sioni ngazi itakayonishinda. Ataniruka asubuhi, ataniruka mchana, na daktari atakapotoka kwenda kula naye ataniruka, hapo ndipo nitamshika pindo la nguo. Nitamwambia ni bibi ndiye aliyemkataza, mama alitaka. Aniseme mimi. Akisema Novemba, nitarudi Jumanne.

Alikuuliza anapenda nini, na wewe hukuwa na jibu. Ninalo. Anapenda kitu kinachovuma sawasawa bila kubadilika. Anapenda kukaa chini ya kitu, siyo kando yake. Anapenda pembe ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, siyo kipya, kola yako ilikuwa mpya ndiyo maana ikaanguka. Nilijua haya yote nikiwa na miaka kumi, juu ya mtoto mwingine, na sikuulizwa na mtu.

Sikuahidi kitu. Huenda asivume tena. Huyo mdogo wangu tulimfungua na hakuinuka. Ukinisikia nasema atapona, niambie ninyamaze.

Cherehani ya mkono naibeba, ile ndogo. Dereva atanung'unika, nimeshamwambia anung'unike akiwa ameishika vizuri. Na hapa kuna gauni. La zamani lile, nimeliachia kiunoni. Mkono wa kushoto nimeufumua nikaweka kitambaa cha shuka langu, kimefuliwa mpaka kimekuwa kama hewa. Sikuweka maradufu, autafune apendavyo.

Sasa nisikilize. Ijumaa usiende kiwandani. Sogeza meza iwe katikati ya chumba, toa kila kitu chini yake, tandika blanketi. Mvishe gauni hili umkalishe pale, asilazimishwe, asiitwe, asiombwe chochote na mtu yeyote. Mimi nikifika usinipokee mzigo wala usinipe chai. Nipe kiti, nikae mezani nianze kuzungusha cherehani, na wewe ukae sakafuni karibu naye, umtazame ule mkono wa kushoto, usiuondolee macho hata nikikuita.

Mama yako